Sukari kwenye midia ya migomba: kiasi gani, ipi, na namna ya kujipimia mwenyewe

Kila anapoanza mtu mpya kwenye tishu kalcha ya migomba, yaani kukuza miche chupani kutoka vipande vidogo vya mgomba juu ya chakula kiitwacho midia, maswali ni yaleyale. Niweke sukari gramu ngapi? Ya dukani inafaa? Mbona midia imetoka na rangi ya chai? Mbona machipukizi yamedumaa ilhali chakula kipo? Mwongozo huu unayajibu kwa vitendo. Ukiufuata utapika midia yenye viwango vitano vya sukari, utapanda, utapima, na utajua kiwango kinachofaa kwenye chupa zako na chini ya taa zako.

Nadharia ni fupi. Mche uliofungiwa kwenye chupa haujilishi wenyewe. Mwanga wa rafu ni hafifu mno ukilinganisha na jua, na kabonidioksidi iliyomo chupani hushuka sana muda mfupi baada ya taa kuwashwa. Kaboni na nishati vinatoka kwenye sukari uliyoweka. Lakini sukari hiyohiyo inashikilia maji: kadiri unavyoizidisha, ndivyo mche unavyopata tabu kuyanyonya. Gramu 30 kwa lita, sawa na milimoli 88 hivi, zinatosha kuleta mgandamizo wa osmosisi wa megapaskali 0.2 na ushei, kabla hujahesabu chumvi za midia. Sukari ikipungua mche unakaa njaa, ikizidi unakaa na kiu huku umezungukwa na maji.

Hizo gramu 30 zimetoka kwenye midia ya Murashige na Skoog, iliyochapishwa mwaka 1962 kwa ajili ya tishu za tumbaku. Zimefaa mimea mingi, mgomba ukiwemo, na ndipo pa kuanzia. Si amri.

Andaa kwanza

- Mizani inayosoma gramu 0.01. Ya jikoni inayosoma gramu nzima haifai kwa kazi hii.
- Unga wa MS (chumvi za Murashige na Skoog) wenye vitamini. Hapa tunahesabu gramu 4.4 kwa lita. Pakiti yako ikisema tofauti, fuata pakiti.
- Myeyusho wa akiba wa BAP, homoni ya kuchochea machipukizi, miligramu 1 kwa mililita.
- Agari ya kugandisha midia, gramu 7 kwa lita.
- Sukari, kilo moja, yote kutoka mfuko mmoja.
- Maji yaliyokenekwa, si ya bomba.
- Kipima pH pamoja na bafa (miyeyusho ya kukisawazishia) za 4 na 7. Haidroksidi ya sodiamu na asidi ya hidrokloriki, zote za molari 0.1.
- Kipima Briksi cha mkononi; Briksi ni gramu za sukari kwa kila gramu 100 za myeyusho. Si ghali, na kitakuokoa mara nyingi kuliko unavyodhani.
- Silinda za kupimia za mililita 500 na lita 1, na bika tano.
- Chupa 50 za kioo zenye vifuniko vya aina moja.
- Otoklevu (chombo cha kuua vijidudu kwa mvuke wenye presha), au sufuria ya presha yenye geji.
- Machipukizi safi zaidi ya 60, ya aina moja ya mgomba, yaliyo kwenye mzunguko mmoja wa kuhamishwa.

Jambo hilo la mwisho ndilo watu hulipuuza. Ukichanganya aina mbili za mgomba, kama Grande Naine na FHIA-17, au machipukizi ya mzunguko wa tatu na ya mzunguko wa saba, matokeo yako yatasema habari za mbegu na umri, si za sukari.

Sukari ipi

Sukrosi ya maabara ni safi, na bei yake ni mara nyingi ya sukari ya duka. Kwa kuzalisha miche ya migomba, sukari nyeupe iliyosafishwa vizuri inafanya kazi, na maabara nyingi ndogo zinaitumia. Tatizo ni kwamba sukari ya mezani inayotoka viwanda vya hapa Tanzania mara nyingi ina rangi ya kahawia hafifu, kwa sababu imebaki na molasi kidogo. Ile nyeupe inayometa, inayoitwa sukari ya viwandani, hutumiwa na watengenezaji wa soda na peremende. Ukiweza kuipata kihalali kwa kilo chache, chukua hiyo.

Kabla ya kuamini mfuko wowote, yeyusha gramu 30 kwenye mililita 100 za maji ya uvuguvugu yaliyokenekwa. Shika glasi mbele ya karatasi nyeupe. Maji yawe angavu; umanjano kidogo unavumilika, ukahawia hapana. Kisha pitisha myeyusho kwenye karatasi ya kuchujia: ukiona nyuzi za gunia, chembe nyeusi au mchanga, tafuta mfuko mwingine.

Usitumie sukari guru, asali, wala sukari ya unga ya kupambia keki. Hiyo ya keki huchanganywa na wanga ili isigande, na midia yako itatoka si angavu, nawe usielewe kwa nini.

Na ukishachagua, usibadilishe mfuko katikati ya jaribio. Sukari ya kahawia hunyonya unyevu. Gramu 30 za mfuko uliokaa wazi msimu wa mvua si gramu 30 za sukari.

Hatua kwa hatua

Tunatengeneza viwango vitano: gramu 0, 15, 30, 45 na 60 kwa lita. Viite S0, S15, S30, S45 na S60. Kila kiwango kina chupa 10 zenye mililita 30 kila moja, jumla mililita 300. Tunapika 350 ili zibaki za kupimia na za kumwagika.

1. Tengeneza midia mama yenye nguvu maradufu. Weka maji mililita 700 kwenye bika kubwa, ongeza gramu 7.7 za unga wa MS na mililita 7 za akiba ya BAP. Koroga hadi iyeyuke yote, kisha ongeza maji hadi mililita 875. Hii inatosha lita 1.75 za midia ya kawaida yenye BAP miligramu 4 kwa lita.

2. Gawanya mililita 175 kwenye kila bika kati ya zile tano. Andika lebo sasa hivi kwa kalamu isiyofutika, kabla ya sukari. Bika tano za maji angavu zinafanana.

3. Pima sukari: S0 hakuna, S15 gramu 5.25, S30 gramu 10.5, S45 gramu 15.75, S60 gramu 21. Koroga hadi isionekane chembe hata moja chini.

4. Ndipo ujaze maji hadi mililita 350, ukitumia silinda na si mistari ya bika. Mpangilio huu una sababu. Sukari ikiyeyuka inachukua nafasi: gramu 60 zinajaza takriban mililita 37. Mtu anayepima lita nzima ya maji ndipo amwage sukari ndani, anapata midia nyingi kuliko alivyokusudia, na chumvi, homoni na sukari zote zimezimuliwa. Kosa hilo hukua pamoja na kiwango, kwa hiyo linaharibu jaribio lote.

5. Pima Briksi ya kila bika, baada ya kusawazisha kipimo kwa maji yaliyokenekwa kisome sifuri. S0 itasoma kitu kidogo kwa sababu ya chumvi. Toa namba hiyo kwenye nyingine zote. Zinazobaki ziwe karibu na 1.5, 3.0, 4.4 na 5.9. Ikipishana zaidi ya 0.2, umekosea mizani au ujazo. Mwaga, anza upya. Hasara ya sasa ni sukari kidogo. Ukiendelea itakuwa wiki nane.

6. Rekebisha pH ya kila bika iwe 5.8, ukiongeza tone kwa tone. Fanya kabla ya agari. pH hushuka kidogo baada ya kupikwa, kwa hiyo usianzie chini ya 5.7.

7. Ongeza agari gramu 2.45 kwenye kila bika. Iyeyushe kwa kuweka bika ndani ya sufuria ya maji yanayochemka, ukikoroga. Usiweke bika moja kwa moja kwenye moto. Agari hutulia chini, sukari nayo inaungua palepale, na huoni hadi umeshamimina.

8. Mimina mililita 30 kwa kila chupa midia ikiwa bado ya moto, huku ukikoroga kati ya chupa na chupa. Funga vifuniko bila kukaza sana.

9. Pika viwango vyote vitano kwa mkupuo mmoja, nyuzi 121, presha ya pauni 15, dakika 15 hadi 20. Muda uhesabiwe tangu nyuzi zifike, si tangu uwashe. Presha ikishashuka yenyewe hadi sifuri, toa chupa. Usiziache humo hadi asubuhi.

10. Acha chupa zipoe, kaza vifuniko, ziweke siku 3 hadi 5 bila kupanda. Yoyote itakayoota ukungu kabla ya kupandwa inakuambia kasoro iko kwenye upishi, si mikononi mwako.

11. Chagua vipande vya kupandia vinavyolingana, sentimita 1 hadi 1.5, vilivyotolewa majani. Panda kimoja kwa kila chupa. Tenga vingine 10 vya saizi hiyohiyo, vipime uzito mara moja, uandike wastani. Huo ndio uzito wako wa kuanzia, kwa kuwa vile vya chupani huwezi kuviweka mizanini bila kuvichafua.

12. Panga chupa kwenye rafu kwa kuchanganya viwango. Ukiweka S0 zote pembeni na S60 zote katikati chini ya taa, utakuwa umepima taa. Joto nyuzi 25 hadi 28, mwanga saa 16 kwa siku.

13. Baada ya wiki 4, fungua kila chupa kwenye kabati la kupandia lenye hewa iliyochujwa, hesabu machipukizi yenye urefu wa kuanzia nusu sentimita, na pima refu kuliko yote. Toa chupa 4 kwa kila kiwango: osha agari yote kwenye vipande vyake, kausha maji ya juu kwa karatasi, pima uzito. Viweke kwenye oveni nyuzi 70 kwa saa 48, upime tena. Gawanya uzito mkavu kwa uzito mbichi.

14. Zile 6 zilizobaki, hamishia vipande vyake kwenye midia mpya ya kiwango kilekile, wiki 4 nyingine, kisha pima tena.

Hatua ya 14 ndiyo wengi huiruka, nayo ndiyo yenye hukumu. Kipande kilichotoka kwenye midia ya gramu 30 kinakuja na akiba yake ya wanga. Mzunguko wa kwanza kinaishi kwa akiba hiyo, na hata S15 inaweza kupendeza. Mzunguko wa pili hakina pa kujificha.

Kusoma ulichopata

S0 huonekana mapema. Kipande hakifi, lakini kinasimama: jani moja jembamba la kijani kilichopauka, la zamani linageuka manjano, na shina halitoi vichipukizi vipya. S15 mara nyingi hutoa machipukizi marefu, membamba, malaini. Usivutwe na urefu. Ukiangalia uzito mkavu utakuta ni maji matupu.

S60 ni picha nyingine. Majani mafupi, magumu kidogo, kingo zimejikunja kwa ndani, pengine wekundu kwenye vikonyo, na kitako kizito kuliko urefu wake. Uwiano wa uzito mkavu kwa mbichi unapanda, si kwa sababu mche umekua sana bali kwa sababu umekosa maji na kulundika wanga.

Unachotafuta ni kiwango chenye machipukizi mengi yanayofaa kuhamishwa, na ambacho namba zake hazishuki mzunguko wa pili. Kwa migomba mara nyingi utaangukia karibu na 30. Ikiwa S30 na S45 zimetoka sare, chukua S30. Huna sababu ya kulipia kiu. Kisha rudia jaribio dogo la kiwango hicho kimoja, chupa 10 za sukrosi ya maabara na 10 za sukari ya duka, ujue kama ile ya bei nafuu inakupunguzia chochote.

Ukitaka kutenganisha njaa na kiu, ongeza kundi la sita: gramu 15 za sukari pamoja na gramu 8 za manitoli kwa lita. Kwa bika la mililita 350 ni gramu 5.25 na gramu 2.8. Mgandamizo wake wa osmosisi unalingana na wa S30, lakini chakula ni nusu, kwa kuwa mgomba hauwezi kutegemea manitoli kama chakula. Kundi hilo likifanana na S15, kilichokosekana ni chakula. Likiwa baya kuliko S15, hata kiasi hicho cha mvuto wa maji kinauumiza mche wako.

Namba uliyopata ni ya kuzalisha machipukizi. Kwenye kuotesha mizizi wengi hupunguza chumvi za MS hadi nusu na sukari hadi 15 au 20, na inafaa kuijaribu kivyake. Usishuke zaidi kwa tamaa ya kuuzoesha mche mapema: akiba ya wanga ndiyo itakayoulisha siku za kwanza kitaluni, kabla majani mapya hayajaanza kazi. Na siku ya kutoa miche chupani, osha agari yote kwenye mizizi kwa maji ya uvuguvugu. Kipande cha agari chenye sukari kilichobaki kwenye udongo wenye unyevu ni karamu ya ukungu. Viazi mviringo vina hesabu tofauti kabisa: ukitaka viazi vidogo vitunge chupani, sukari hupandishwa hadi 60 au 80 na chupa huwekwa gizani.

Utasikia pia kuhusu kukuza miche bila sukari kabisa. Si uongo, Toyoki Kozai na wenzake wa Chuo Kikuu cha Chiba, Japani, wameifanyia kazi kwa miaka mingi. Lakini inataka vifuniko vyenye vichujio vinavyopitisha hewa, kabonidioksidi ya kuongezea na mwanga mkali zaidi. Kwa chupa za jemu zenye vifuniko vya bati, hiyo si njia yako.

Mambo yakienda kombo

*Midia imetoka ya kahawia.* Umeipika kupita kiasi, au sukari yenyewe ina rangi, au imeungua chini wakati wa kuyeyusha agari. Joto huvunja sehemu ya sukrosi kuwa glukosi na fruktosi, na zaidi pH ikiwa chini. Kiasi kidogo hakidhuru, lakini sukari iliyovunjika sana huongeza mvuto wa maji, kwa kuwa molekuli moja imekuwa mbili, na kuungua kunazaa vitu vinavyozuia ukuaji. Briksi haitakuonyesha hili. Tumia kimiminika cha Benedict, kilekile cha maabara ya shule: pika sukari na maji peke yake kwenye otoklevu kwa muda wako wa kawaida, kisha chemsha kidogo pamoja na Benedict. Buluu au kijani ni salama. Ikigeuka nyekundu ya matofali, punguza muda. Usijaribu hivi kwenye midia yenye vitamini C, kwa kuwa nayo hubadilisha rangi ya Benedict.

*Nipo nyanda za juu na chupa zinaota ukungu hata kabla ya kupanda.* Geji ya pauni 15 mjini Nairobi, kwenye mita 1,700 hivi, inakupa nyuzi 118 tu, kwa sababu hewa ya nje ni nyepesi. Usipandishe sufuria ya presha zaidi ya kikomo chake. Ongeza dakika 5 hadi 10, na pika kwenye chupa ndogo badala ya chombo cha lita, ambacho huchelewa kupata moto katikati huku sukari ya pembeni ikiungua.

*Agari haigandi.* Mara nyingi pH imeshuka chini ya 5 au umepika muda mrefu. Sukari husingiziwa tu.

*Wingu jeupe kuzunguka kitako cha chipukizi, wiki ya pili au ya tatu.* Hao ni bakteria wanaoishi ndani ya mgomba wenyewe. Sukari imewalisha, haijawaleta. Ukiipunguza utawaficha, na watakurudia mzunguko ujao wakiwa kwenye chupa nyingi zaidi. Tupa ukoo huo.

*Machipukizi yanaonekana kama kioo, yanavunjika kwa kuguswa.* Yamelowa maji. Kwanza angalia agari ikiwa laini mno, BAP ikiwa nyingi, na matone kwenye ukuta wa chupa. Ikiwa uko chini ya gramu 20 za sukari, rudi 30.

*Weusi kwenye kitako na kwenye midia.* Ni utomvu wa mgomba uliooksidika, na kubadili sukari hakutausaidia. Hamisha mapema, au weka vitamini C miligramu 100 kwa lita.

*Mkupuo mmoja unakua vizuri, unaofuata unadumaa, na fomula haijabadilika.* Fungua daftari uangalie Briksi za siku ile. Zikiwa sawa, angalia chupa zilikaa muda gani kabla ya kupandwa. Chupa ya mililita 30 ina gramu 0.9 za sukari; ikipoteza mililita 5 za maji kwenye rafu, gramu hizohizo zimebaki kwenye mililita 25, na S30 yako imeshakuwa S36. Pima uzito wa chupa tano siku ya kupika, uandike kwenye vifuniko, na upime tena siku ya kupanda. Zikipungua zaidi ya gramu 2, badili vifuniko au zizungushie plastiki ya kufungia chakula, na usipike midia ya zaidi ya wiki tatu.